Mazingira na Usalama wa Taifa: Mfano wa Milima ya Umatengo

Kwa kawaida tusikiapo maneno "usalama wa taifa" tunafikiria majeshi, silaha na mipaka. Mwaka 1994 Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilipanua maana hiyo, ikataja pia chakula, afya na mazingira. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Litembo na milima ya Umatengo, kwamba fundisho hilo si geni kwetu.

Katika karne ya 19 Wamatengo, wakikimbia mashambulizi ya Wangoni, walisongamana milimani. Ardhi ilikuwa finyu na yenye mteremko mkali. Waliimudu kwa kilimo cha ngoro: nyasi hufyekwa na kupangwa kwa miraba, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifunika. Shimo linalobaki huzuia maji ya mvua yasichukue udongo, na nyasi zikioza huwa mbolea. Maharage na mahindi hupandwa kwa zamu juu ya matuta. Hivyo mlima uliwalinda watu, nao wakaulinda.

Lakini milima hiyo haiwahusu Wamatengo peke yao. Baadhi ya mito yake hushuka hadi Ziwa Nyasa, wanamovua watu wa Tanzania, Malawi na Msumbiji. Kwa miaka mingi Tanzania na Malawi zimetofautiana: Malawi hushikilia mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890, na kudai kwamba mpaka uko ufukweni, Tanzania husema uko katikati ya ziwa. Malawi ilipotoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani mwaka 2011, mvutano uliongezeka. Penye mabishano ya namna hiyo, udongo ukijaza mazalio ya samaki na wavuvi wakalazimika kwenda mbali zaidi, njaa ya kijiji kimoja yaweza kuwa ugomvi wa mataifa mawili.

Mwanzo 26 yatueleza jinsi wachungaji wa Gerari walivyogombania visima na watumishi wa Isaka. Isaka alichimba kingine, na kingine tena, hata nafasi ikapatikana. Hatimaye yeye na Abimeleki wakaapiana amani. Basi, sera ya usalama isingoje mpakani. Ianzie kwenye mteremko wa shamba, nasi tulio wahudumu wa Neno tusione haya kuhubiri habari za udongo na maji.