UTARIDI: JIWE LILILO KARIBU NA JUA

Wako miongoni mwetu wazee ambao, kijana ajapo kuposa, kwanza huuliza nyota yake. Wakiambiwa kuwa ni mzaliwa wa Jauza au Sumbula, husema, "Huyu nyota yake ni Utaridi," na posa huenda ikakubaliwa au ikavunjwa kwa neno hilo moja. Basi yatupasa tuulize: Utaridi ni nini, hata ikapewa hukumu juu ya ndoa za watoto wetu?

Utaridi ni sayari, wala si nyota. Haina nuru yake yenyewe; hung'aa kwa nuru ya jua. Ndiyo ndogo kuliko sayari zote nane, nayo ndiyo iliyo karibu mno na jua, umbali wa kilomita milioni 58 kwa wastani. Upana wake ni kilomita 4,879, hali ardhi yetu ni kilomita 12,742. Hulizunguka jua kwa siku 88 za kwetu.

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kuwa huelekeza jua upande mmoja daima. Mwaka 1965, mawimbi ya rada kutoka Arecibo, Puerto Rico, yalibainisha kuwa hujizungusha yenyewe kwa muda wa siku 59 hivi. Kwa hesabu hiyo, toka macheo hata macheo mengine hupita siku 176, yaani siku moja ya huko ni sawa na miaka miwili ya huko huko!

Mchana joto lake hufika digrii 430 za sentigredi, na risasi huyeyuka kwa chini ya hapo. Usiku hushuka hata digrii 180 chini ya sifuri, kwani haina hewa ya kuhifadhi joto kama hii iliyotufunika sisi kwa rehema ya Mola. Na la ajabu zaidi, ndani ya mashimo ya ncha zake, mahali jua lisipofika kamwe, mna barafu. Chombo cha Marekani kiitwacho MESSENGER, kilichoizunguka toka 2011 hata 2015, kilithibitisha hayo.

Uso wake umejaa makovu ya mawe yaliyoipiga. Bonde moja, Caloris, lina upana wa kilomita 1,550 hivi. Tumbo lake ni chuma, na kilipopoa sayari nzima ilinywea, ngozi yake ikakunjamana kama tende ikaukapo.

Wanavyuoni wetu waliichungua Utaridi zamani. Ibn al-Shatir, mtunza nyakati za sala wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus, aliyefariki 1375, alitunga hesabu mpya za mwendo wake, akisahihisha za Ptolemy. Hiyo ndiyo elimu ya falaki: kupima, kuhesabu, na kuujua wakati wa ibada. Kutabiri bahati za watu ni jambo jingine, na dini yetu imelikataza.

Ndugu msomaji, jiwe lisiloweza kujiepusha na vimondo vinavyolipiga litawezaje kumpa mwanao heri au shari? Ajapo mposaji, muulize dini yake na tabia yake. Utaridi mwachie Muumba wake, nawe uitazame magharibi baada ya jua kuchwa, umtukuze Aliyeiumba.

Wallahu aalam.