Nyumba ya Mbaha Isianguke Ziwani

Tazama ramani ya mwambao wa Ziwa Nyasa: Lituhi, Mbaha, Liuli, Mbamba Bay. Tuseme kila kijiji chenye zahanati kimewekewa msalaba, na sasa mkubwa ofisini anataka nyumba badala ya msalaba. Mchoraji anakaa kwenye kompyuta, anafuta mmoja mmoja. Mmoja ukimponyoka, mgawaji wa dawa atakiruka kijiji hicho.

Programu ya Inkscape, ambayo hailipiwi, ina njia fupi. Chora msalaba mmoja tu, ndio mama. Mingine yote iwe vivuli vyake, si nakala huru. Ukibadili rangi ya mama, vivuli vinafuata. Ukitaka umbo jipya, chora nyumba, inakili, chagua vivuli vyote, kisha amuru viunganishwe upya na hicho ulichonakili. Vinageuka nyumba mara moja.

Lakini hadhari: nyumba hiyo iweke kwanza pale pale ulipo msalaba mama. Vivuli hupima nafasi kutoka kwa mama. Akihama, vyote vinahama, na zahanati ya Mbaha utaikuta majini.

Aliyekwisha kutawanya nakala huru, pole yake. Huyo atabadilisha moja moja.