Kete Zisizotoka Ubaoni: Bao la Kiswahili Mbele ya Kompyuta

Katika michezo mingi ya mezani, kilicholiwa hakirudi. Kete ya drafti ikirukwa huondolewa, askari wa sataranji akiuawa huwekwa kando, na kadiri mchezo unavyoendelea ndivyo ubao unavyozidi kuwa mtupu, hata mtazamaji anayefika mwishoni akaweza kuhesabu vilivyobaki na kukisia ni nani anayeelemewa. Bao la kiswahili linakwenda kinyume cha desturi hiyo. Kete zake 64 hubaki mchezoni kuanzia mwanzo hadi mwisho, na zile zinazoliwa hazitupwi wala hazihifadhiwi kama ngawira, bali huingizwa papo hapo katika upande wa aliyezila na kuendelea kufanya kazi kwa niaba yake. Kanuni hii moja ndiyo inayoeleza kwa nini mchezaji aliyeelemewa vibaya anaweza kugeuza mambo kwa zamu moja, na ndiyo pia inayoeleza kwa nini kompyuta, zilizokwisha kuimaliza michezo kadhaa ya ukoo wa bao, hazijafanya hivyo kwa bao lenyewe.

Ukoo huo, ambao wataalamu huuita mankala, ni wa michezo inayochezwa kwa kusambaza kete moja moja katika mashimo yaliyopangwa kwa safu. Ajua ya Wajaluo na aina zinazochezwa Afrika Magharibi hutumia safu mbili, lakini Afrika Mashariki ni makao makuu ya michezo ya safu nne: omweso wa Uganda, igisoro cha Rwanda, bawo ya Malawi na bao la pwani na visiwani ni ndugu wa karibu, na hata Oman, nchi ambayo historia yake imefungamana na ya Zanzibar kwa karne nyingi, ina mchezo wake wa safu nne uitwao hawalis. Kwamba michezo ya namna hii ni ya zamani katika eneo hili kunathibitishwa na mashimo yaliyochongwa juu ya miamba ya Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, ambayo mgeni anayefika katika makumbusho ya mahali hapo huonyeshwa hadi leo. Mbao za kuchezea zimeoza na watu wameondoka, lakini jiwe lililotobolewa kwa safu limebaki likieleza wazi kazi yake.

Ubao wa bao la kiswahili una mashimo 32, yaani safu nne zenye mashimo manane kila moja, na kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake, ya mbele na ya nyuma. Kete ni mbegu za mkomwe, zilizo ngumu, laini na za rangi ya kijivu, zinazoteleza vizuri vidoleni na kutoa mlio zinapoanguka juu ya nyenzake. Katika safu ya mbele ya kila mchezaji, shimo la tano kutoka kushoto kwake huitwa nyumba, na mara nyingi huchongwa kwa umbo la mraba ili lisichanganywe na mengine. Mashimo mawili ya pembeni kabisa ya safu hiyo huitwa vichwa, na kichwa pamoja na shimo linalokifuata huitwa kimbi. Mchezo unapoanza, kila mmoja huweka kete sita katika nyumba yake na kete mbilimbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba, kisha hubaki na kete 22 mkononi. Kwa hiyo ubaoni huwapo kete 20 tu, na 44 zilizosalia huingia moja moja, zamu kwa zamu, katika hatua ya kwanza ya mchezo iitwayo namua.

Kanuni ya kula ni rahisi kuieleza. Mchezaji huongeza kete moja ya mkononi katika shimo lake la mbele ambalo tayari lina kete, na iwapo shimo la mpinzani linaloelekeana nalo nalo lina kete, huzichukua zote na kuzisambaza katika upande wake mwenyewe, akianzia kwenye kichwa kimojawapo. Zikiwa zimeliwa katikati ya ubao, ana hiari ya kuanzia kulia au kushoto. Zikiwa zimeliwa kwenye kimbi, hana budi kuanzia kichwa kilicho karibu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete linalokabiliana na kete za mpinzani, anakula tena. Ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, huzizoa kete za shimo hilo na kuendelea kuzisambaza. Ikiangukia shimo tupu, zamu yake imelala. Zamu moja inaweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla ya kulala, na wanahisabati wameonyesha kwamba zipo hali ambazo, kwa nadharia, usambazaji hauna mwisho kabisa.

Uzuri wa mpangilio wa mwanzo hauonekani mpaka mtu atazame ubao kwa makini. Kwa kuwa kila mchezaji huhesabu kutoka kushoto kwake, nyumba mbili hazielekeani: nyumba ya mpinzani inakabili shimo la nne la mchezaji, ambalo ni tupu, na mashimo mengine mawili ya mpinzani yenye kete yanakabili mashimo matupu vilevile. Hivyo anayeanza hawezi kula. Analazimika kutakasa, yaani kusambaza kete bila kula. Tuseme ameongeza kete katika shimo lililo kulia tu kwa nyumba yake, likawa na kete tatu, kisha akazisambaza kuelekea kushoto. Ya kwanza inaingia katika nyumba na kuifanya iwe na saba, ya pili inaangukia shimo la nne, na ya tatu inalala katika shimo la tatu. Kete ile iliyotua katika shimo la nne sasa inaitazama nyumba ya mpinzani uso kwa uso, na kama zamu ingebaki kwa huyohuyo, angeweza kuongeza kete hapo na kuizoa nyumba nzima. Lakini zamu si yake tena. Mpinzani anaweza kuongeza kete katika nyumba yake mwenyewe, akaila ile kete moja iliyo mbele yake na kuiondoa hatari kabla haijatimia. Alichokipata anayeanza ni tishio lililolipiwa kwa kujianika, na mabadilishano ya aina hiyo hujirudia katika kila kipindi cha namua kwa ukubwa unaozidi kuongezeka.

Nyumba yenyewe ina sheria inayostahili kutazamwa kwa undani, kwa sababu ndiyo inayotenganisha mchezaji mwenye subira na asiye nayo. Mradi ina kete sita au zaidi na haijawahi kuchezwa, mchezaji aliyekuwa akila, ambaye kete yake ya mwisho imeangukia humo bila kupata cha kula, haendelei kwa lazima kama katika mashimo mengine; anaweza kusimama na kuiacha nyumba ikue, au anaweza kuisafirisha, yaani kuzoa kete zote na kuzisambaza. Nyumba iliyonona ni akiba ya kutisha, lakini pia ni windo, kwa kuwa mpinzani akipata njia ya kuila huhamisha kwa mkupuo mmoja kete kumi au kumi na tano kwenda upande wake. Ikishasafiri au kuliwa hupoteza hadhi yake, ikawa shimo kama mashimo mengine mpaka mwisho wa mchezo. Kuchagua wakati wa kusafiri ni uamuzi usio na kanuni ya kudumu, na hapo ndipo bingwa hujitofautisha na mcheza bao wa kawaida.

Kete za mkononi zikiisha huanza hatua ya pili iitwayo mtaji, ambamo wachezaji huanzia kwenye mashimo yenye kete mbili au zaidi, ya mbele au ya nyuma, huku shimo lenye zaidi ya kete 15 likiwa haliwezi kuanzisha zamu ya kula. Anayebaki bila kete hata moja katika safu yake ya mbele, au anayebaki na kete mojamoja tu zisizoweza kuchezwa, ameshindwa. Katika hatua hii mtu anaweza kuwa na kete nyingi kuliko mwenzake lakini zikawa zimekwama safu ya nyuma, na akafungwa akiwa tajiri.

Mchezo wa namna hii hauwezi kudharauliwa na msomi yeyote wa akili ya binadamu, na haishangazi kwamba Alexander de Voogt, mtafiti Mholanzi, aliutumia ubingwa wa bao wa Zanzibar kama mada ya tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995, akichunguza jinsi mabingwa wanavyokumbuka na kukokotoa zamu zinazobadilisha nusu ya ubao kwa mara moja. Mchezaji wa sataranji husogeza kipande kimoja na vingine hubaki mahali pake. Mchezaji wa bao, kabla ya kugusa kete, inampasa kuona akilini ubao mzima ukiwa umegeuka, kisha aone jibu la mpinzani juu ya ubao huo mpya. Wenye kipawa hiki wamekuwa wakikaa kwenye baraza za Unguja, Pemba na miji mingine ya pwani bila cheti chochote, na Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alikuwa miongoni mwa wapenzi wa mchezo huu wanaojulikana sana.

Safari ya ukoo huu kuingia katika kompyuta ilianzia mbali na baraza hizo. Mwaka 1940 Mmarekani William Julius Champion alibuni Kalah, mankala iliyorahisishwa yenye safu mbili za mashimo sita na ghala moja kwa kila mchezaji, na kufikia miaka ya 1960 Kalah ilikuwa miongoni mwa michezo iliyotumiwa katika vyuo vikuu vya Marekani kujaribu kama mashine inaweza kufundishwa kucheza. Programu za aina hiyo hufanya kazi kwa kujenga mti wa uwezekano, yaani kuorodhesha kila hatua inayowezekana, kila jibu la mpinzani na kila jibu la jibu hilo, kisha kuchagua njia ambayo hata mpinzani akicheza vizuri kabisa bado ina faida. Mwaka 2000 Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walichapisha utatuzi wa Kalah: katika mpangilio wa kawaida wa kete nne kila shimo, anayeanza akicheza bila kosa hushinda. Miaka miwili baadaye John Romein na Henri Bal wa Chuo Kikuu cha Vrije mjini Amsterdam walimaliza Awari, mchezo wenye asili ya Afrika Magharibi, kwa kutumia kompyuta yenye vichakataji 144 iliyokokotoa hali 889,063,398,406 za ubao na kuthibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare.

Njia waliyoitumia Romein na Bal inaonyesha waziwazi ugumu wa bao. Katika Awari kete zikiliwa hutoka, kwa hiyo mtafiti anaweza kuanzia mwisho: akokotoe kwanza hali zote zenye kete moja, halafu zenye mbili, halafu tatu, kila tabaka likijengwa juu ya lililotangulia, hadi afikie kete zote 48. Bao halina matabaka hayo. Katika hatua ya mtaji kete ni 64 daima, mchezo hauelekei kwenye upungufu wowote, na hali ya ubao iliyopita inaweza kurudi tena baada ya mzunguko mrefu. Hakuna ngazi ya chini ambayo kompyuta inaweza kuikanyaga ili ipande juu. Donkers na Uiterwijk, wakifanya kazi Maastricht, waliligeukia bao baada ya Kalah na kuliandikia programu, na programu inaweza kweli kucheza bao vizuri. Lakini kucheza vizuri ni jambo moja, na kutatua mchezo hadi mwisho wake ni jambo jingine kabisa. Mvuto wa bao kwa watu wa leo ungetosha bila hoja hii, ila inafaa ijulikane kwamba mchezo uliokuzwa kwa mdomo na mkono una kina ambacho mashine haijagusa sakafu yake.

Kwa upande wa uhifadhi, michezo ya kompyuta ya zamani ina bahati ambayo bao halina. Pac-Man, uliotolewa na kampuni ya Kijapani ya Namco mwaka 1980, unaweza kurejewa leo kwa programu inayoiga mashine ya wakati ule, na utakwenda kama ulivyokwenda, kwa sababu kanuni zake zote zimefungwa ndani ya msimbo wake. Kanuni za bao ziko vichwani mwa watu. Anayeingia katika duka la programu za simu akitafuta mankala hukutana zaidi na Kalah ya Champion, na hata bao lenyewe mara nyingi hufunzwa kwa umbo lake jepesi, bao la kujifunza, ambamo kete mbilimbili huwekwa katika kila shimo na kuanza moja kwa moja na mtaji. Umbo hilo ni mlango mzuri kwa mtoto au mgeni, lakini anayebaki hapo hajawahi kulinda nyumba wala kuamua wakati wa kusafiri.

Zinazopotea kwanza ni kanuni nyembamba. Mfano ni takasia, inayotumika katika mtaji: mchezaji akitakasa, na mpinzani naye akawa hana cha kula, na tishio likawa juu ya shimo moja tu la mpinzani huyo, basi mpinzani haruhusiwi kulikimbiza kwa kulicheza, isipokuwa kama shimo hilo ni nyumba, au ndilo pekee la mbele lenye kete, au ndilo pekee la mbele lenye zaidi ya kete moja. Kanuni yenye masharti kama haya haijifunzi kwa kutazama mchezo mmoja barazani. Huelezwa inapotokea, na mtu anayeijua, kwa mtu anayeihitaji wakati huohuo. Klabu za bao, walimu wa shule na waandishi wa programu wanaotaka kulirejesha wangefanya jambo la maana kukaa na mabingwa walio hai na kuandika kwa Kiswahili, kanuni kwa kanuni na mfano kwa mfano, namna takasia, nyumba na safari zinavyohukumiwa Unguja, Pemba, Lamu na bara, mahali zinapokubaliana na mahali zinapotofautiana.