Mura, Zama Kwenye Vitabu vya Wahindi Wetu

Simba na Yanga tuwaweke kando kidogo, leo tunapiga stori za vitabu.

Ukimtajia msee waandishi wenye asili ya Asia, akili inaruka fasta Tokyo au Mumbai. Huko vichwa vipo, sikatai. Ila kuna wengine walizaliwa au kukulia hapahapa, Nairobi, Dar, Arusha, wakaandika kuhusu duka, mpaka, na maza anayehesabu senti ili mtoto asome. Hao ni wa nyumbani, na mimi naamini sisi watu wa mpakani, wa Tarime na Sirari, tunawaelewa kuliko yeyote.

Mkali wao ni M.G. Vassanji. Kazaliwa Nairobi 1950, kakulia Dar, kaenda Marekani kupiga fizikia ya nyuklia hadi udaktari, halafu katulia Kanada na kalamu yake. Tuzo ya Giller, ambayo kule ni kubwa kinoma, kaibeba mara mbili: 1994 ilipotolewa kwa mara ya kwanza, na 2003.

Ile ya 1994 aliipata kwa The Book of Secrets. Ni mwaka 1913, kwenye kamji ka Kikono, mpakani mwa eneo la Mwingereza na la Mjerumani. Afisa wa Kiingereza anaandika mambo yake kwenye daftari, daftari linaibiwa, linaishia kwa Pipa, mwenye duka. Vita ikilipuka, Pipa anabanwa huku na huku, kila upande unamtaka awe wake. Mwaka 1988, mwalimu mstaafu wa Kigoa anakabidhiwa daftari hilo Dar na kuanza kufukua siri zake. Mura, hiyo inatuhusu. Mstari waliokubaliana Wazungu 1886, kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, ndio uliowakata Wakurya vipande viwili. Mjomba yuko Isebania, Kenya, wewe uko Sirari, Tanzania, mfukoni una noti za nchi mbili. Uchungu wa Pipa huhitaji mtu akufafanulie.

Iliyobeba tuzo ya 2003 ni The In-Between World of Vikram Lall, na hii ndiyo naipenda kuliko zote. Inaanzia Nakuru 1953, wakati wa Mau Mau. Vikram na dada yake Deepa wanacheza na Njoroge, chalii wa Kikuyu, pamoja na watoto wawili wa Kizungu. Babu wa Vikram na Deepa alitoka Punjab kujenga reli, ileile iliyofika Kisumu 1901. Wakikua, Deepa na Njoroge wanazimika kimapenzi, na familia inakuja juu. Vikram naye anazama kwenye michongo michafu ya wakubwa. Kenya ya uhuru utaiona kwa ndani, raha yake na uozo wake.

Kuna pia The Gunny Sack ya 1989, riwaya ya kwanza ya Vassanji. Salim anaachiwa gunia na bibi wa ukoo, na kila kinachotoka humo kina stori. Baba wa babu yake, Dhanji Govindji, alitua pwani akitokea India, akazaa na Bibi Taratibu, mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Kwa hiyo damu ya Salim ina asili zote mbili. Ukimaliza kitabu hiki hutaweza tena kumwita muuza duka wa Kihindi mgeni.

Ukitaka sauti ya mwanamke, shika In the Shadow of Kirinyaga ya Sophia Mustafa. Kazaliwa India, kakulia Nairobi, kaishi Arusha, na 1958 kaingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika akiungwa mkono na TANU. Siasa za miaka ile aliziandika mwenyewe kwenye The Tanganyika Way, 1961. Upande wa Kenya yupo Shailja Patel na Migritude: maza yake alimpa sanduku la sari, yeye akazigeuza mashairi ya moto kuhusu ukoloni na kuhama.

Lugha ni Kiingereza, lakini isikutishe. Anza na Uhuru Street ya Vassanji, hadithi fupifupi za Dar, unamaliza moja kabla chai haijapoa. Ukizoea, hamia Vikram Lall. Changeni hela wana wanne, nunueni kimoja, kizunguke kijiweni, aliyeelewa amfafanulie mwenzake kwa Kiswahili au Kikurya. Kisha mbishane hili: mapenzi ya Deepa na Njoroge yalivunjwa na familia, au na nchi nzima? Mimi nasema nchi. Someni, mje mnipinge.