Kaunti 14, Tiketi Moja

Shule iliyo Myanga, katika kaunti ndogo ya Bumula, Bungoma, inaweza kualika shule ya Kitale kwa mechi ya kirafiki ya mpira wa vikapu Jumamosi yoyote. Umbali kati ya Bungoma na Kitale haufiki kilomita 100. Lakini michezo ya shule za sekondari inapoanza muhula wa kwanza, kila timu hushika njia yake, na hazikutani tena ila kwenye fainali za kitaifa, iwapo zote mbili zitafika huko.

Bungoma iko Kanda ya Magharibi pamoja na Kakamega, Busia na Vihiga. Trans Nzoia, yenye mji wa Kitale, iko Bonde la Ufa. Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47 na kufuta mikoa, lakini michezo ya shule bado inafuata mipaka ya ile mikoa minane ya zamani.

Ngazi za kupanda ni zile zile kote nchini. Timu hushinda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda, na bingwa wa kanda hujikatia tiketi ya kitaifa. Zinazofanya vyema kitaifa ndizo hupeperusha bendera ya Kenya katika michezo ya shule za Afrika Mashariki, ile ya FEASSSA, iliyoandaliwa Uganda mwaka 2024 na Kakamega mwaka 2025.

Kwenye fainali za kitaifa, timu nane kwa kawaida hugawanywa katika makundi mawili, na mbili bora za kila kundi huingia nusu fainali. Hapa ndipo mashabiki wengi huchanganyikiwa. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa vikapu duniani, ushindi ni pointi 2, kushindwa ni pointi 1, na timu isiyotokea uwanjani haipati kitu. Sare haipo, huongezwa dakika tano hadi mshindi apatikane. Sasa tuseme timu A, B na C zote zimeifunga D, halafu A ikaishinda B kwa alama 6, B ikaishinda C kwa alama 10, nayo C ikaishinda A kwa alama 3. Zote tatu zina pointi 5. Zinazohesabiwa ni mechi baina yao pekee: B ina ziada ya 4, A ina ziada ya 3, C ina upungufu wa 7 na inafunga virago. Hata kama C iliinyeshea D alama 60, hazitaisaidia. Ndiyo maana kocha mwenye busara huendelea kupiga kelele pembeni ya uwanja wakati timu yake tayari imeshindwa: kupunguza pengo kutoka alama 10 hadi 4 kungeivusha C na kuitupa B nje.

Tatizo kubwa, hata hivyo, liko chini ya hapo. Bonde la Ufa lina kaunti 14, kutoka Turkana hadi Kajiado. Magharibi ina nne, Kaskazini Mashariki tatu, Nairobi moja. Kila kanda hutoa bingwa mmoja. Vijana wa Kitale wakifika fainali ya kanda yao, wanaweza kujikuta mbele ya Laiser Hill Academy ya Kajiado, shule ambayo imetwaa ubingwa wa kitaifa mara kadhaa. Wakishindwa kwa kikapu kimoja, msimu umekwisha. Huenda wao ndio timu ya pili kwa ubora nchini, na hakuna atakayejua.

Ligi Kuu ya mpira wa vikapu ya Kenya, ambako timu za vyuo vikuu kama Strathmore, USIU na Zetech hupambana na vigogo kama KPA na Ulinzi, huwa na huruma zaidi. Timu hucheza msimu mzima kabla ya kufuzu kwa mchujo, na mchujo wenyewe huamuliwa kwa msururu wa mechi. Siku moja mbaya haiui kazi ya mwaka.

Vyuo vya Marekani vilikabili swali hili hili, la timu nzuri inayokosa ubingwa, na kulijibu kwa namna nyingine. Katika mashindano ya wanaume ya NCAA ya 2025 ziliingia timu 68. Kati ya hizo, 31 zilikuwa mabingwa wa ligi zao, na 37 zilichaguliwa na kamati. Kamati hiyo hupima timu iliwashinda akina nani, wapi, na wapinzani walikuwa na nguvu kiasi gani, ikisaidiwa na kipimo cha NET kilichoanza kutumika msimu wa 2018-19. Mwaka 2011 kamati iliichagua Virginia Commonwealth, na wachambuzi wengi wakalalamika. Timu hiyo ilianzia mechi za awali kule Dayton, ikaiangusha Kansas, ikafika nusu fainali.

Kamati kama hiyo isingefaa shule zetu. Mechi ni chache mno kupimwa kwa haki, na uteuzi wa mezani ungezua ugomvi usiokwisha. Bora ni mchujo uwanjani: washindi wa pili wa kanda zenye kaunti nyingi, yaani Bonde la Ufa na Mashariki yenye kaunti nane, wakutane siku moja kabla ya fainali za kitaifa, mshindi aingie kama timu ya tisa. Kundi moja litakuwa na timu tano, na ratiba itarefuka. Gharama yake ni basi moja au mawili, malazi ya usiku mmoja na waamuzi wa mechi ya ziada, na timu ya Kitale itakuwa na mlango wa pili.