Figo Moja Inatosha, kwa Masharti

Mtu mwenye afya njema anaweza kutoa figo moja na kuishi miaka mingi kwa ile iliyobaki. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, kijana mmoja alimpa figo pacha wake wa kufanana. Mgonjwa aliongezewa miaka minane. Mtoaji alifariki mwaka 2010, akiwa na miaka 79. Baadaye zilipatikana dawa za kuuzuia mwili usikatae kiungo cha mtu mwingine, na leo hata mke anaweza kumpa mumewe. Dawa hizo hunywewa kila siku muda wote figo inapofanya kazi, na familia izipigie hesabu mapema.

Figo iliyobaki hukua kidogo na kuchuja damu zaidi, hata ikafikia asilimia 60 hadi 70 ya kazi iliyofanywa na mbili. Hata hivyo hatari ipo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliwalinganisha watoaji na watu wenye afya kama yao: uwezekano wa figo kufeli maishani ulikadiriwa kuwa 90 katika kila watu 10,000, dhidi ya 14 kwa wasiotoa. Kwa watoaji Weusi ulikuwa juu zaidi. Sababu mojawapo ni jeni tulizorithi Waafrika wengi, zinazokinga dhidi ya aina fulani ya malale lakini zinaweza kudhuru figo. Huko Kanada, presha ya ujauzito ilionekana kwa takriban asilimia 11 ya akina mama waliotoa, dhidi ya 5 kwa wasiotoa. Binti anayetaka kuzaa aelezwe hayo waziwazi.

Kwetu Bukavu jambo hili limesogea karibu: tangu 2023 figo zinapandikizwa Kigali. Nafurahi, lakini naogopa kikao cha familia kinachomnyooshea kidole mdogo asiye na ndoa. Mtoaji ana haki ya kuonana na daktari peke yake, na kukataa hata siku ya upasuaji. Akikataa, daktari huweza kuiambia familia tu kwamba hafai kutoa.

Kisha kuna riziki. Mama anayepandisha magunia Kadutu, kamba ikiwa kwenye paji la uso, akitoa figo hatabeba mzigo mzito kwa takriban wiki sita. Mvuvi wa sambaza naye asivute nyavu. Chakula cha watoto wao wiki hizo kiingizwe kwenye bajeti pamoja na nauli.

Na mkulima wa Kabare aliyetoa figo akiumwa mgongo, asijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni, kwa maana zinaweza kuiumiza figo yake ya pekee. Kila mwaka apimwe presha, mkojo na kreatinini ya damu. Vipimo hivyo havihitaji safari ya Kigali.