Maji ndani ya kompresa yanatoka wapi?

Fundi wa kwado akifungua robine ya chini ya kompresa yake, maji yanatoka. Mara nyingine yako na rangi ya chai. Ndipo watu wanauliza: "Hakuna mtu alitia maji humu, sasa hii maji imetoka wapi?"

Imetoka hewani. Uvira tunaishi kati ya ziwa na milima, na hewa yetu, zaidi wakati wa mvua, iko na unyevu mwingi. Hewa ya joto la digrii 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za maji katika kila meta moja ya ujazo. Sasa chukua tanki ya lita 100. Ukiijaza mpaka bari 8, umebana ndani yake karibu lita 900 za hewa ya nje pamoja na unyevu wake wote. Lakini nafasi ya lita 100 haiwezi kubeba mvuke zaidi ya gramu 3 tu. Unyevu ukiwa asilimia 70, kama gramu 16 zinageuka maji, yaani kijiko kikubwa kimoja kila ukijaza. Mwenye kazi nyingi akijaza mara 20 kwa siku, amekusanya karibu theluthi ya lita.

Maji hayo yanalala chini ya tanki na kula chuma kutokea ndani. Kwa nje rangi bado inang'aa, kumbe chini chuma kimekuwa chembamba. Tanki ikipasuka, hewa yote inatoka kwa mara moja na vipande vya chuma vinaruka. Na kwetu kompresa nyingi ziko ndani ya parsele, pale watoto wanachezea.

Kwa hiyo kila magaribi, kazi ikiisha, zima masini, punguza presha, kisha fungua robine ya chini polepole mpaka maji yaishe. Uiache wazi usiku. Robine yenyewe ikikwama kwa kutu, ibadilishe. Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya tanki. Na ile valvu ya usalama yenye pete, usiizibe hata siku moja eti kwa sababu inavuja.

Filta nayo wengi wanaifunga palepale kwenye tanki, halafu wanalalamika kwamba pistole ya rangi bado inatema maji. Hewa ikitoka kwenye kompresa iko moto, maji bado ni mvuke, yanapita ndani ya filta bila kushikwa. Iache hewa ipoe kwanza: pitisha kwenye tiyo ya chuma ya meta kadhaa, yenye kuinama kidogo, na filta iwe mwishoni, karibu na pale unafanyia kazi. Tiyo ya plastiki ya maji ya nyumbani, hapana. Ikipasuka kwa presha ya hewa inavunjika vipande vikali kama vya chupa.

Tuje kwa mafuta. Kama kompresa yako iko na kioo kidogo cha kuonyesha mafuta, kitazame kabla ya kuwasha. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia: fanya vidanje. Tia mafuta ya kompresa. Yale ya moteri ya gari au ya moto yako na dawa za kusafisha zinazoshikana na maji, na yanaweza kuacha masizi kwenye valvu. Zile kompresa ndogo zisizotumia mafuta, usizitie hata tone.

Masini ya hewa ya kufungua boloni za gurudumu inahitaji matone machache ya mafuta pale hewa inaingilia. Lakini mpira uliopitisha mafuta usiupeleke kwenye pistole ya rangi, rangi itatoboka vishimo vidogo. Kila kazi na mpira wake.

Na tanki iliyokwisha kutoboka? Wapo wanaoipeleka kwa msudeni azibe tundu. Tundu moja ni dalili kwamba sehemu nzima ya chini imeliwa, na moto wa kusude unaidhoofisha zaidi. Hiyo tanki kazi yake imekwisha. Ukinunua kompresa ya okazyoni, kabla ya kulipa fungua robine ya chini mbele ya muuzaji, uangalie rangi ya maji.